Krimu ya tatu kwa moja: nafuu ya siku tatu, na tyubu isiyowafaa wengi wanaoinunua

Simama kwenye kaunta ya duka la dawa useme "nina fangasi" au "ngozi inaniwasha". Mara nyingi utakabidhiwa kiboksi chenye tyubu ya gramu 15 au 30, na maelekezo yatakuwa "paka asubuhi na jioni", basi. Ndani ya tyubu hiyo kuna dawa tatu: steroidi ya kutuliza uvimbe na muwasho, dawa ya fangasi, na antibayotiki. Majina ya biashara ni mengi, lakini mchanganyiko unaokutwa sana ni betamethasone dipropionate asilimia 0.05, clotrimazole asilimia 1 na gentamicin asilimia 0.1. Triderm ni mojawapo. Nyingine, kama Funbact-A, zina neomycin mahali pa gentamicin. Tunazipima hapa kama bidhaa moja, kwa sababu sifa zake ni zile zile na kasoro zake ni zile zile.

Tuseme mapema tunavyoiona: ni dawa nzuri kwa kazi finyu sana, na wengi wanaoondoka nayo dukani hawana kazi hiyo.

Usidanganywe na asilimia

Wateja wengi husoma "0.05%" wakadhani hiyo ni dawa laini. Kwenye steroidi za kupaka, asilimia haikuambii ukali. Hydrocortisone ya asilimia 1, ambayo kwa namba ni mara 20 zaidi, ndiyo iliyo laini. Uingereza hupanga dawa hizi kwa ngazi nne: hydrocortisone iko chini kabisa, clobetasone butyrate iko ya pili, betamethasone iko kwenye ngazi ya steroidi kali, na juu yake imebaki ngazi moja tu, ya steroidi kali mno kama clobetasol propionate. Kwa hiyo tyubu inayouzwa kama "krimu ya fangasi" imebeba steroidi ya ngazi ya tatu kati ya nne. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua, na kwenye boksi mara nyingi limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko picha ya ngozi inayong'aa.

Angalia pia herufi moja inayoweza kukubadilishia dawa nzima. Candid ni clotrimazole peke yake. Candid-B ni clotrimazole pamoja na steroidi, beclomethasone asilimia 0.025. Boksi zinafanana, na muuzaji mwenye haraka hukupa iliyo karibu na mkono wake. Geuza boksi, tafuta mahali palipoandikwa viambato, kisha soma kila jina. Jina linaloishia na "-sone" au "-sol", kama betamethasone, beclomethasone, hydrocortisone au clobetasol, karibu kila mara ni steroidi. Linaloishia na "-nazole" au "-mazole" ni la fangasi: clotrimazole, miconazole, ketoconazole.

Kwa nini nafuu inakuja haraka hivyo

Hapa ndipo sifa ya bidhaa hii na balaa lake vinapokutana. Wekundu, uvimbe na muwasho wa fangasi havitokani na fangasi peke yake; sehemu kubwa ni kinga ya mwili ikipambana nayo. Steroidi huinyamazisha kinga hiyo. Kufikia siku ya pili au ya tatu muwasho umekatika, duara limefifia, na mtumiaji anasema amepona. Lakini clotrimazole, ambayo ndiyo yenye kazi ya kuondoa fangasi, inahitaji wiki kadhaa. Fangasi inaishi kwenye tabaka la juu la ngozi ikila keratini, ile protini ya ngozi, na siku tatu hazitoshi kuimaliza. Mtu anaacha kupaka siku ya tano, fangasi inabaki, na sasa hakuna kinga ya kuizuia.

Baada ya wiki moja au mbili inarudi ikiwa pana zaidi. Anapaka tena, inatulia tena. Mzunguko ukijirudia mara tatu nne, duara linapoteza ule ukingo wake ulioinuka wenye magamba. Linabaki baka lenye vipele vidogo vilivyotawanyika, ambalo hata mganga mzoefu anaweza kudhani ni pumu ya ngozi. Kitaalamu inaitwa tinea incognito, yaani fangasi iliyovaa kinyago. India, ambako krimu hizi zimetumika kiholela kwa miaka mingi, ndiko pia ilikoenea fangasi iliyopewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020. Nyingi ya aina hiyo hazisikii terbinafine, mojawapo ya dawa za fangasi, na matumizi ya hovyo ya krimu za mchanganyiko yanatajwa kuwa sehemu ya chanzo. Mwaka 2023 Marekani nayo iliripoti wagonjwa wake wa kwanza, jijini New York.

Kwa hiyo mtu akisema "hii krimu ni kiboko, siku mbili tu muwasho kwisha", anasema kweli. Ila alichokisifu ni kazi ya steroidi. Fangasi bado ipo.

Nani inamfaa

Mtu mzima mwenye baka la fangasi lililovimba sana, linalowasha hadi kukosesha usingizi, ambalo amelikuna mpaka likaingiwa na bakteria. Dalili za bakteria zinaonekana kwa macho: usaha, au majimaji ya njano yanayokauka yakawa gamba la rangi ya asali. Hapo dawa zote tatu zina kazi, na siku chache za mchanganyiko huu zinasaidia kweli. Pumu ya ngozi iliyoingiwa na vimelea nayo inaweza kuingia humu, mradi mganga ameiona.

Kama hakuna usaha wala gamba, antibayotiki inapakwa bure. Gentamicin isiyo na kazi inawafundisha bakteria wa ngozi yako namna ya kuikwepa tu. Neomycin ina tatizo lake la ziada: ni miongoni mwa dawa za kupaka zinazoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi. Mzio huo unawasha na kuwa mwekundu, kwa hiyo mtu anaongeza krimu akidhani ugonjwa umezidi, kumbe anajipaka kinachomwasha.

Isipopaswa kufika

Mapunye ya kichwani. Fangasi iko ndani ya unywele na krimu haifiki huko. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, kwa uzito wake. Kucha nazo ni hivyo hivyo.

Upele wa kweli, ule wa wadudu, unaowasha zaidi usiku na kushika katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni na sehemu za siri, tena nyumba nzima inajikuna. Steroidi itapunguza muwasho huku wadudu wakizaliana, na dalili zitavurugika. Hapo dawa ni permethrin asilimia 5, au benzyl benzoate asilimia 25 ile inayojulikana kama BBE, na watu wote wa nyumba hiyo wanapaka siku moja. Ukimtibu mmoja ukawaacha watano, umeongeza gharama tu.

Mkanda wa jeshi, tetekuwanga na malengelenge mengine ya virusi: hapana. Chunusi: hapana, kwani steroidi yenyewe huleta chunusi. Upele wa nepi nao hapana. Nepi ya plastiki inafunika kama bandeji na kuisukuma dawa ndani, na ngozi ya mtoto mchanga ni laini kiasi kwamba steroidi inaweza kuingia kwenye damu ikazifanya tezi za juu ya figo zilegee kazini. Maelezo rasmi ya Lotrisone ya Marekani, ambayo ni betamethasone na clotrimazole bila antibayotiki, yanasema wazi kwamba haipendekezwi kwa walio chini ya miaka 17 wala kwa upele wa nepi.

Halafu kuna baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba husikii chochote. Baka lililokufa ganzi si la duka la dawa. Ukoma bado upo, unatibika, na vidonge vyake hutolewa bure. Nenda kituo cha afya.

Baka la mba, lile la kifuani na mgongoni lenye magamba laini, lina mtego wake. Fangasi yake inakufa kwa clotrimazole tupu au shampuu ya ketoconazole, lakini rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Mtu anaona weupe bado upo, anahisi dawa haijafanya kazi, anahamia kwenye tyubu yenye steroidi. Steroidi nayo hupausha ngozi nyeusi. Sasa ana mabaka mapya juu ya ya zamani.

Kiasi: pingili moja, viganja viwili

Hiki ndicho kipimo ambacho kingefaa kuchapishwa kwenye kila boksi, na hatujakiona kwenye mengi. Kamua krimu kwa mstari mmoja juu ya kidole cha shahada, kuanzia nchani hadi mkunjo wa kwanza. Kwa tyubu yenye mdomo wa milimita 5, na kidole cha mtu mzima, hiyo ndiyo pingili moja, karibu nusu gramu. Inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwa vimebanwa pamoja.

Piga hesabu. Tyubu ya gramu 15 ina pingili kama 30. Baka la ukubwa wa viganja viwili, mara mbili kwa siku, linatumia gramu 1 kwa siku, na tyubu inakwenda siku 15. Baka la kiganja kimoja, siku 30. Kama baka lako linafunikwa na kiganja na tyubu imekwisha siku ya nne, unapaka kama mafuta ya kujipaka, na ngozi itakuja kudai.

Hesabu hiyo inafaa pia kukuambia lini uachane na krimu kabisa. Mguu wa mtu mzima, toka pajani hadi kwenye kifundo, unahitaji pingili 6 kwa mpako mmoja. Mara mbili kwa siku ni gramu 6, na tyubu ya gramu 15 inaisha siku mbili na nusu. Fangasi iliyoenea kiasi hicho inataka vidonge na mganga. Kununua tyubu sita si tiba.

Namna ya kupaka

Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha kausha kwa kubonyeza na taulo lako mwenyewe, bila kusugua. Katikati ya vidole vya miguu kausha mara mbili. Unyevu ukibaki pale dawa inafanya kazi ya kupaka rangi ukuta unaovuja. Paka utando mwembamba ambao ukimaliza hauonekani mweupe. Kwa fangasi, vuka ukingo wa baka kwa sentimita 2 hivi, kwa kuwa fangasi imeshatangulia mbele ya kile unachokiona. Nawa mikono, isipokuwa kama ndiyo inayotibiwa.

Usifunge bandeji, usifunike kwa nailoni, usivae nguo ya kubana juu yake. Mafuta mazito ukiyapaka papo hapo juu ya krimu yanaifungia ndani kama nailoni. Subiri nusu saa kwanza. Krimu nyingi zina parafini na mafuta yanayoweza kudhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo anayetibiwa sehemu za siri asiitegemee kondomu siku hizo. Na shuka au nguo iliyolowa parafini hushika moto haraka kuliko nguo kavu, basi usiinamie jiko la mkaa au kibatari ukiwa nayo.

Mahali unapopaka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Watafiti Feldmann na Maibach walipima mwaka 1967 jinsi hydrocortisone inavyopenya ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Wakiuchukua mkono wa mbele kuwa 1, paji la uso lilikuwa 6, taya 13, na korodani 42. Krimu ile ile, kiasi kile kile. Ndiyo maana fangasi ya kinena inayopakwa betamethasone kwa miezi inaacha michirizi kama ya mjamzito, na michirizi hiyo haifutiki. Usoni huleta vipele kuzunguka mdomo, mishipa midogo inayoonekana na vinyweleo. Karibu na macho, kwa muda mrefu, inaweza kupandisha presha ya jicho.

Siku ngapi

Maelezo ya Lotrisone yanaweka ukomo wa wiki 2 kwa kinena na mwilini, wiki 4 kwa nyayo, na kamwe si zaidi ya gramu 45 kwa wiki. Huo ni ukomo. Si lengo la kufikia. Utaratibu tunaouona wa busara, mganga akikubali, ni huu: mchanganyiko kwa siku 5 hadi 7 za mwanzo mpaka moto utulie, kisha hamia kwenye clotrimazole tupu mara mbili kwa siku mpaka ngozi isafike, na uongeze wiki moja au mbili baada ya hapo. Kwa kawaida jumla ni wiki 2 hadi 4 mwilini na kinenani, na 4 au zaidi miguuni. Unanunua tyubu mbili, lakini ya pili ndiyo inayokuponya.

Aliyeipaka kwa miezi mfululizo, hasa usoni, asiikate ghafla bila kumuona mganga wa ngozi. Ngozi iliyozoea steroidi inaweza kuwaka, ikawa nyekundu na kuchoma vibaya kuliko ugonjwa wa awali. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu ya hali hiyo. Na wengi wanaoipaka kwa miezi hivyo si wagonjwa wa fangasi hata kidogo. Ni watu wanaoichanganya krimu hii kwenye mkorogo ili weupe uje, na weupe unakuja kweli, pamoja na ngozi nyembamba inayochubuka kwa kukwaruzwa na kucha.

Tyubu yenyewe na thamani ya pesa

Tyubu nyingi ni za alumini zenye mdomo uliozibwa. Unageuza kifuniko na kutoboa kwa ncha yake. Kama umeikuta imetobolewa, irudishe hapo hapo. Tarehe ya mwisho hugongwa kwenye mkunjo wa mkiani, bila wino, na ukikunja tyubu toka chini kama dawa ya meno unaifuta. Iandike kwa kalamu kwenye boksi, pamoja na siku uliyoanza kupaka. Joto la kuhifadhi limeandikwa, mara nyingi chini ya nyuzi 25 au 30, na dirishani au ndani ya gari lililoegeshwa juani si chini ya nyuzi 30. Krimu iliyotengana maji na mafuta itupwe. Tanzania, dawa inasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kenya, na Bodi ya Famasia na Sumu. Boksi lisilo na namba ya toleo wala jina la mtengenezaji liache, hata liwe la bei ya kutupwa.

Upande wa pesa, kwa fangasi ya kawaida isiyo na usaha, clotrimazole tupu mara nyingi ni nafuu kuliko hii na inafanya kazi yote inayotakiwa. Kwa kinena au chini ya matiti palipowaka sana, miconazole asilimia 2 na hydrocortisone asilimia 1, kama Daktacort, ni mchanganyiko wenye adabu zaidi kwa ngozi ile laini. Pumu ya ngozi isiyo na vimelea haihitaji clotrimazole wala gentamicin. Inahitaji mafuta mengi ya kulainisha na steroidi inayolingana na mahali ilipo. Nyota tunazoipa bidhaa hii ni 2 kati ya 5: moja kwa kasi ya kutuliza, nyingine kwa yule mgonjwa mmoja aliyeihitaji kweli.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, acha kupaka na uombe kipimo. Maabara hukwangua magamba ya ukingo wa baka, huweka tone la KOH (potasiamu haidroksaidi, inayoyeyusha magamba) la asilimia 10 hadi 20 kwenye kioo, na kutazama nyuzi za fangasi kwa hadubini. Majibu yanaweza kutoka siku hiyo hiyo. Mwambie mpimaji ni krimu gani umepaka na mara ya mwisho ilikuwa lini, kwa sababu dawa ya fangasi iliyo bado kwenye ngozi inaweza kuleta jibu la "hakuna kitu" hata kama fangasi ipo. Nenda na boksi mkononi, maana "ile tyubu nyeupe yenye mstari wa bluu" zipo kumi dukani.